Leseni ya mkaguzi wa sakafu, na ripoti anayoiandika

Swali la msomaji: Sebuleni kwangu niliwekewa sakafu ya mbao nzima za mwaloni, zikagandishwa kwa gundi juu ya zege. Baada ya miezi michache kingo za mbao zilianza kuinuka na katikati ya kila ubao pakabonyea. Muuzaji alipeleka malalamiko yangu kwa mtengenezaji, naye akatuma mkaguzi. Mkaguzi huyo hakumaliza hata saa moja: alipiga picha, akagusisha kipima unyevu hapa na pale, akaondoka bila kunieleza lolote. Baadaye niliambiwa kwamba ripoti yake imesema chanzo ni hali ya unyevu ya mahali ilipowekwa sakafu, na kwa hiyo madai yangu hayamo katika dhamana. Nilipouliza sifa zake, nikajibiwa kwamba ana cheti cha chama cha taaluma na kwamba sheria haimtaki awe na leseni. Je, wakaguzi wa sakafu hawapaswi kulazimishwa kuwa na leseni ya serikali, kama ilivyo kwa mafundi umeme na wahandisi?

Jibu:

Ndugu msomaji, pole kwa sakafu yako, na pole zaidi kwa namna ulivyojibiwa. Nimekagua sakafu kwa miaka mingi, mara nyingine nikiitwa na wenye nyumba na mara nyingine na viwanda, na naona malalamiko yako yana msingi. Hata hivyo sikubaliani na tiba unayoipendekeza. Naamini kwamba leseni ya lazima kwa kila mkaguzi wa sakafu isingekusaidia katika jambo hili lililokupata, na kwamba sheria ingemlinda mwenye nyumba vizuri zaidi kama ingeelekezwa kwenye ripoti yenyewe: nani ameilipia, vipimo gani vimechukuliwa na kwa kifaa gani, na nani ana haki ya kuisoma. Nitaeleza sababu zangu kwa kirefu, na nitaonyesha pia mahali ambapo mimi mwenyewe nadai leseni bila kusita.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Leseni ni ruhusa ya dola, na asiye nayo akifanya kazi hiyo huwa amevunja sheria. Usajili ni jina kuingizwa katika daftari la mamlaka, aghalabu bila mtihani, na jina hilo laweza kufutwa. Cheti hutolewa na chama au taasisi binafsi baada ya mafunzo na mtihani. Ni ushahidi wa ujuzi, lakini asiye nacho hazuiwi kufanya kazi. Wakaguzi wa sakafu wengi wamo katika kundi hili la tatu. Nchini Marekani, kwa mfano, vyeti vyao hutolewa na vyombo kama IICRC, kinachoshughulika na taaluma za ukaguzi, usafishaji na ukarabati, na NWFA, ambacho ni chama cha kitaifa cha sakafu za mbao. Jimbo la California humtaka mkandarasi wa sakafu awe na leseni ya daraja C-15, na ili kuipata lazima aonyeshe uzoefu wa miaka minne katika kazi hiyo. Mtu anayekuja baadaye kutoa hukumu juu ya kazi ya mkandarasi huyo hadaiwi leseni ya ukaguzi wa sakafu, kwa kuwa jimbo halina leseni kama hiyo.

Tofauti hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wako, na sitaki kuipita kwa haraka. Mwenye nyumba hawezi kupima ubora wa ukaguzi kwa macho. Akiletewa chakula kibovu atakijua kwa kukionja, ilhali akiletewa ripoti mbovu ataijua tu pale atakapomlipa mtaalamu wa pili, na wengi hawafiki huko. Kuna pia suala la nidhamu. Chama kikimnyang'anya mkaguzi cheti chake, kesho yake anaweza kuendelea na kazi ileile kwa jina lilelile, na mteja mpya hatakuwa na njia ya kujua. Anayetaka leseni huwa anatafuta, kimsingi, mahali pa kushtakia na mkono wenye nguvu ya kumwondoa mtu kazini. Haja hiyo ni halali kabisa, na jibu lolote lisiloitimizia haja hiyo halitoshi.

Sasa tuitazame sakafu yako kwa karibu, kwa sababu humo ndimo kasoro ya leseni inapoonekana. Mbao hunyonya na kutoa unyevu maisha yake yote, na hutanuka na kusinyaa hasa kwa upana, karibu si kitu kwa urefu. Ubao wa mwaloni mwekundu wenye upana wa milimita 127, uliopasuliwa hivi kwamba pete za mti zimelala sambamba na uso wake, hutanuka takriban milimita 1.9 unyevu wake ukipanda kwa asilimia 4, tuseme kutoka asilimia 7 hadi 11. Ubao wa upana huohuo, uliopasuliwa pete zikiwa zimesimama, hutanuka takriban milimita 0.8 tu kwa badiliko lilelile. Kwa hiyo mkaguzi asiyeandika hata namna mbao zilivyopasuliwa amekwisha kuacha nje jambo linaloweza kuzidisha mwendo wa sakafu zaidi ya mara mbili.

Kingo kuinuka na katikati kubonyea maana yake ni kwamba upande wa chini wa ubao umekuwa mpana kuliko upande wa juu. Hilo hutokea kwa njia mbili zinazopingana. Huenda unyevu umepanda kutoka chini, kwenye zege au kwenye bomba linalovuja, ukautanua upande wa chini. Au huenda hewa ya chumbani imekuwa kavu mno, upande wa juu ukasinyaa huku wa chini ukibaki ulivyo. Umbo ni lilelile machoni, ila chanzo cha kwanza ni maji kuzidi na cha pili ni maji kupungua. Ripoti inayosema tu kwamba tatizo ni hali ya unyevu ya mahali husika haijachagua hata kati ya hizo mbili. Imetaja kwamba mbao na maji vinahusiana, jambo ambalo kila fundi anayeanza kazi analifahamu.

Ili kuchagua, mkaguzi huchukua kipima unyevu chenye sindano ndefu zilizofunikwa mpaka nchani, anakirekebisha kulingana na aina ya mti, kisha anazipigilia sindano hatua kwa hatua, akisoma unyevu karibu na uso na tena karibu na upande wa chini wa ubao. Upande wa chini ukiwa na unyevu mwingi kwa wazi kuliko wa juu, maji yanatoka chini, na kazi inayofuata ni kuchora ramani ya vipimo chumba kizima, kwa sababu unyevu uliojikusanya kando ya ukuta mmoja una hadithi tofauti na unyevu ulioenea sawasawa kila mahali. Anapima pia joto na unyevu wa hewa chumbani. Anang'oa ubao mmoja au miwili kwa idhini ya mwenye nyumba, anatazama gundi imeshika sehemu gani ya upande wake wa chini, na anaangalia kama palipakwa kizuizi cha unyevu juu ya zege kabla ya gundi.

Zege lenyewe lina utaratibu wake. Kiwango cha F2170 cha ASTM, shirika la viwango vya kiufundi, kinachotumika sana Marekani na kwingineko, hutaka yatobolewe matundu ya kuchomekea kipima unyevu, na katika zege linalokauka kwa upande wa juu tu kina cha tundu kiwe asilimia 40 ya unene wake, yaani milimita 40 kwa zege la milimita 100. Vipimo viwe vitatu kwa takriban mita 100 za mraba za kwanza, na kimoja zaidi kwa kila mita 100 zinazofuata. Kipima kikishachomekwa, usomaji rasmi hauchukuliwi mpaka zipite angalau saa 24; kabla ya marekebisho ya mwaka 2018 zilikuwa saa 72. Njia ya zamani zaidi, ASTM F1869, huweka sahani ya kloridi ya kalsiamu, chumvi inayonyonya unyevu, chini ya kifuniko kilichozibwa juu ya zege kwa saa 60 hadi 72, kisha huipima uzito. Nayataja haya kwa sababu umesema mkaguzi wako hakumaliza saa moja. Ikiwa hakurudi tena, basi hakuna kipimo cha zege kinachofuata viwango hivyo alichoweza kukichukua, hata angekuwa mtaalamu wa kiasi gani. Vifaa vidogo vinavyogusishwa juu ya uso husaidia kuonyesha wapi pa kutoboa, wala havitoi jibu la mwisho.

Tena, hata vipimo vyote vikipatikana, swali la nani alipe bado halijaisha. Kama zege lilikuwa bichi siku mbao zilipowekwa, aliyepaswa kulipima kabla ya kupaka gundi ni fundi. Kama mbao zilitoka kiwandani zikiwa na unyevu usio sahihi (huko Marekani kwa kawaida hukaushwa hadi asilimia 6 hadi 9), mzigo ni wa mtengenezaji. Bomba likivuja, fundi na mtengenezaji wote hawahusiki. Chumba kikiachwa na hewa kavu kupita masharti ya dhamana, mwenye nyumba anabeba sehemu yake. Sentensi moja ya ripoti uliyosomewa imeyafunga mambo manne tofauti ndani ya fungu moja, na fungu hilo limeangukia mlangoni kwako.

Jiulize sasa mtihani wa leseni ungegundua nini. Ungepima kama mkaguzi anajua haya niliyoyaeleza. Nami nakwambia, kwa ninavyoijua kazi hii, inaelekea kabisa kwamba mkaguzi wako anayajua, kwa sababu ndiyo mambo ya mwanzo yanayofundishwa katika kozi za vyeti. Ujuzi ulikuwapo, ila haukutumika. Aliagizwa na upande mmoja, alilipwa ada isiyotosha kurudi siku ya pili, aliulizwa swali jembamba la kama bidhaa ina kasoro ya kiwandani, na akaandika jibu jembamba. Mara nyingi mkaguzi wa namna hii huwa ameelekezwa asizungumze lolote na mwenye nyumba, na ripoti huenda moja kwa moja kwa aliyemwagiza. Mpe mtu huyohuyo leseni yenye muhuri wa serikali, halafu uyaache mazingira hayo kama yalivyo, na utapata ripoti ileile, safari hii ikiwa na uzito zaidi dhidi yako, kwa kuwa aliyeiandika atatambulishwa kuwa mkaguzi mwenye leseni.

Mfano wa wakaguzi wa nyumba unafundisha jambo hapa. Majimbo mengi ya Marekani huwapa leseni watu wanaokagua nyumba kabla ya kuuzwa. Lakini viwango vyao vya kazi kwa kawaida huwataka watazame yanayoonekana, bila kutoboa wala kung'oa kitu, kwa hiyo leseni hiyo haigusi hata kidogo aina ya uchunguzi ambao sakafu yako inauhitaji. Ninachokipenda katika mfumo huo ni kitu kingine: jimbo la Texas halikuishia kwenye leseni, bali limeweka fomu rasmi ya ripoti ambayo mkaguzi lazima aitumie, ili mnunuzi ajue kilichotazamwa, kisichotazamwa na kilichoonekana na upungufu. Sehemu hiyo ya sheria ndiyo ningeiiga.

Leseni ina gharama zake pia, na hubebwa na watu wasiokuwapo chumbani sheria inapotungwa. Ripoti ya Ikulu ya Marekani ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba kazi zinazodai leseni za majimbo zilikuwa zikihusu chini ya asilimia 5 ya wafanyakazi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwamba sehemu hiyo imefikia robo. Wakaguzi wa sakafu ni wachache tayari. Wengi wao ni mafundi waliochakaa magoti, wenye miaka mingi ya kuweka mbao, vigae na mazulia, ambao hawataki au hawawezi kurudi darasani kwa muda mrefu. Ukiweka ada kubwa na masharti ya shule, utabaki na wachache zaidi, wenye kusoma vizuri na wenye uhusiano na makampuni makubwa, na mwenye nyumba anayetafuta maoni ya pili atakuta foleni na bei aliyoshindwa kabla hata ya kuanza.

Halafu kuna bodi. Leseni huhitaji bodi, na bodi huhitaji watu wanaoijua kazi. Katika sakafu watu hao ni watengenezaji, wauzaji na wakandarasi, yaani walewale ambao ripoti ya mkaguzi inaweza kuwatia hasara. Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, ambayo wengi wa wajumbe wake walikuwa madaktari wa meno wenye shughuli zao, na ambayo iliwaandikia barua watu wasio madaktari waliokuwa wakifanya kazi ya kung'arisha meno, ikiwataka waache. Mahakama ilisema kwamba bodi inayodhibitiwa na wafanyabiashara wa soko hilohilo, bila usimamizi wa kweli wa serikali, haina kinga dhidi ya sheria za ushindani. Ikiwa hilo liliwezekana katika taaluma kongwe na inayotazamwa sana kama ya meno, sioni sababu ya kuamini kwamba bodi ndogo ya sakafu, ambayo hakuna mwandishi wa habari atakayehudhuria vikao vyake, itakuwa salama zaidi.

Nilisema yapo maeneo ambayo leseni naidai. Ni yale ambayo kosa la mkaguzi linaweza kumdhuru mtu mwilini. Vigae vingi vya zamani vya vinyili, hasa vile vya mraba wa inchi 9, vilitengenezwa kwa asbestosi, na hata gundi nyeusi iliyovishika mara nyingi ilikuwa nayo. Mtu anayevunja kigae kama hicho ili achukue sampuli anaweza kuziachia hewani nyuzi zinazoua miaka mingi baadaye. Marekani ilianza na shule kwa sheria ya mwaka 1986, kisha mwaka 1990 ikapanua sharti la ithibati kwa wakaguzi wa asbestosi katika majengo ya umma na ya biashara. Hapo sina mjadala: asiye na kibali asiguse. Nasema hivyo hivyo juu ya anayetoa hukumu kwamba sakafu imelegea kwa sababu boriti zinazoibeba zimeoza, maana hilo ni suala la uimara wa jengo na lina wahandisi wake wenye leseni. Mkaguzi wa sakafu akiona dalili hizo, wajibu wake uwe kusimama na kuandika kwamba jambo limevuka mipaka yake.

Kwa sehemu iliyobaki, ambayo ni migogoro ya fedha na ubora, mfumo unaonivutia kuliko yote ni wa Ujerumani. Huko mtu yeyote anaweza kujiita mtaalamu wa kutoa tathmini. Lakini chemba za ufundi na za biashara, yaani vyombo vya kisheria vya mafundi na wafanyabiashara, zina mamlaka, kwa sheria, ya kumteua na kumwapisha hadharani mtaalamu aliyethibitisha ujuzi wa pekee katika fani yake, ikiwa ni pamoja na fani za kuweka mbao za sakafu na vigae. Anaapa kufanya kazi kwa kujitegemea, bila kupokea maelekezo ya mtu juu ya hitimisho, yeye mwenyewe binafsi, kwa uangalifu na bila upendeleo. Anapewa muhuri wa duara, anaorodheshwa mahali ambapo umma unaweza kumtafuta, na akikiuka kiapo uteuzi huondolewa. Kujipachika cheo hicho bila kuteuliwa ni kosa la jinai, na mahakama zinapohitaji mtaalamu hutakiwa kuwatanguliza walioapishwa. Hakuna aliyefungiwa nje ya kazi, na bado mwenye nyumba anajua amtafute nani. Inafaa kukumbuka kwamba nchi hiyohiyo iliondoa sharti la shahada ya ufundi mkuu kwa waweka vigae na waweka mbao za sakafu mwaka 2004, ikalirudisha mwaka 2020 baada ya malalamiko juu ya ubora. Iliona haja ya kumdhibiti anayejenga. Kwa anayetathmini iliendelea na kiapo cha hiari.

Ningekuwa ndiye ninayeandika sheria, ningeanza na usajili mwepesi wa kila anayelipwa kukagua sakafu zenye mgogoro, usajili wa ada ndogo na usio na mtihani, ili pawepo mahali pa kushtakia na jina la kufuta. Haja ya nidhamu niliyoitaja mwanzoni hutimizwa hapo. Kisha ningeweka wajibu juu ya ripoti. Iseme kwenye ukurasa wa kwanza nani ameagiza na nani amelipa, na kama mkaguzi amepata kazi nyingine kutoka kwa huyohuyo katika mwaka uliopita. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17020 tayari huvigawa vyombo vya ukaguzi katika aina A, B na C kulingana na uhuru wao, kwa hiyo wazo hilo si geni hata kidogo. Iliandike swali alilopewa kwa maneno yaleyale aliyopewa. Katika mahakama za madai za Uingereza na Wales mtaalamu hutakiwa aeleze kiini cha maagizo aliyopokea, na wajibu wake kwa mahakama hushinda wajibu wowote kwa anayemlipa. Sioni kwa nini mwenye nyumba asiyefika mahakamani anyimwe kinga hiyo.

Ripoti iorodheshe pia kila kipimo, mahali kilipochukuliwa, saa, kifaa na marekebisho yake, na itaje waziwazi vipimo ambavyo havikuchukuliwa na sababu yake. Na nakala kamili impate mwenye sakafu siku ileile inapomfikia aliyeilipia. Hili la mwisho nalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu ripoti iliyofichwa haiwezi kupingwa, na mengi ya mabaya katika kazi yetu yanaishi kwa kujua kwamba hakuna atakayeisoma ripoti isipokuwa karani wa madai.

Najua pingamizi litakalokuja: fomu hujazwa na yeyote, hata asiyejua anachokijaza. Ni kweli. Lakini namba iliyoandikwa pamoja na mahali na kifaa inaweza kurudiwa na mtu mwingine wiki inayofuata, na ikiwa ni ya uongo au ya kubahatisha itaonekana. Hitimisho tupu haliwezi kurudiwa, linaweza tu kuaminiwa au kukataliwa. Asiye na ujuzi akilazimishwa kuandika kina cha tundu, idadi ya vipimo na saa alizosubiri, ujinga wake utajitokeza katika ukurasa wa pili bila bodi yoyote kukaa. Anayetaka cheti chenye maana zaidi anaweza pia kuuliza kama chombo kilichokitoa kimepata ithibati ya ISO/IEC 17024, ambayo inahusu utoaji wa vyeti kwa watu na inasisitiza kwamba anayetahini asiwe na maslahi katika matokeo.

Kuhusu jambo lako mwenyewe, bado hujachelewa. Mwandikie muuzaji na mtengenezaji ukiomba ripoti kamili pamoja na vipimo vyote, jina la kifaa na maagizo aliyopewa mkaguzi, na uweke tarehe ya kutaka majibu. Wasipotoa vipimo vya zege, waulize kwa maandishi ni kwa msingi gani walisema unyevu umetoka mahali ilipowekwa sakafu. Mtafute mkaguzi wa pili utakayemlipa wewe, mwenye cheti cha sakafu za mbao hasa, na kabla hujakubaliana naye muulize kama atarudi siku ya pili kusoma vipima alivyovichomeka; akisema haina haja, endelea kutafuta. Kama ulibakiwa na mbao ambazo hazikutumika, zihifadhi. Mkaguzi atapima kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana kwa usahihi, upana wa mbao kumi zilizobaki na upana wa mbao kumi zilizowekwa, na tofauti hiyo itamwambia kama sakafu imetanuka au imesinyaa, jambo ambalo ripoti ya kwanza haikulisema. Nunua kipima hewa kidogo cha kuweka sebuleni, uandike joto na unyevu asubuhi na jioni, kwa kuwa rekodi hiyo itajibu hoja ya kwamba wewe ndiye uliyekausha chumba.

Na mtu asisugue sakafu hiyo kwa mashine kwa sasa, hata muuzaji akikupa huduma hiyo bure kama njia ya kumaliza mgogoro. Mbao zikisuguliwa wakati kingo zimeinuka, kingo ndizo hukatwa. Unyevu utakaposawazika zitashuka chini ya usawa wa katikati, kila ubao utabaki umetuna katikati, na itakuwa vigumu mno kwa mkaguzi anayekuja baada ya hapo kuonyesha kosa lilianzia wapi. Subiri mpaka chanzo cha unyevu kijulikane na kizuiwe, na mpaka vipimo vya juu na vya chini vya ubao vikaribiane kwa ziara mbili zinazofuatana.